Ukikataa kazi ya utamaduni, unamnyima nani?

Karani wa benki akifunga dirisha lake jioni na kwenda nyumbani, hakuna atakayemwambia kwamba ameisaliti benki. Mratibu wa tamasha, mwalimu wa ngoma, mhifadhi wa makumbusho au fundi wa sauti akisema "leo nimefika mwisho, tuendelee kesho," anaambiwa, au anajiambia mwenyewe, kwamba amewaangusha wasanii, amewanyima watoto, amewaacha wazee wafe na nyimbo zao. Fundo la makala hii liko hapo. Wengi wa watu hawa wanazijua haki zao. Wameshakaa kwenye semina za afya ya akili, wamesikia habari za kuweka mipaka, na wengine wanawashauri wenzao vizuri kabisa. Siku ya kukataa ikifika, ulimi unakuwa mzito.

Ushauri wanaopewa kwa kawaida ni kwamba wajifunze kusema hapana, kana kwamba wanachokosa ni ujasiri. Mimi naona kinachokosekana ni kuelewa hapana hiyo inatua wapi. Anayedaiwa muda, fedha au mapumziko ni mwajiri, mwandaaji au mfadhili. Lakini ukikataa, anayeonekana kuumia ni bibi aliyekuwa akikusubiri uende kumrekodi, au mtoto aliyefanya mazoezi mwezi mzima akingoja jukwaa. Mwenye deni amesimama nyuma ya watu unaowapenda, na wewe huwezi kumfikia bila kupita kwao. Ndiyo maana mtu jasiri kabisa anashindwa.

Mwaka 2018 mkutubi wa Marekani, Fobazi Ettarh, aliandika jambo kuhusu maktaba ambalo linatuhusu moja kwa moja. Alisema watu wa maktaba wamelelewa kuiona taasisi yao kuwa takatifu, isiyokosolewa, na kazi yao kuwa wito. Mahali palipo patakatifu, mshahara mdogo haulalamikiwi, majukumu yasiyo kwenye mkataba hayakataliwi, na anayechoka anaonekana imani yake imepungua. Badilisha maktaba uweke kikundi cha sanaa za maonyesho, studio ya jamii au ofisi ya tamasha, maelezo yatabaki yaleyale. Kwetu tunasema sanaa iko kwenye damu, kipaji ni cha Mungu. Ni maneno mazuri na yana ukweli ndani yake, lakini sikiliza yanasemwa lini. Mara nyingi yanasemwa muda mfupi kabla ya mtu kuombwa kufanya kitu bila malipo.

Simdharau mtu wa wito. Muziki wa pwani hii umebebwa na watu wa namna hiyo. Ikhwan Safaa ya Unguja ilianzishwa 1905, Culture Musical Club 1958, na zote zimeendeshwa kama klabu za taarabu za wanachama, watu wanaokutana jioni kwa mapenzi ya qanun, udi na fidla. Lakini klabu ile ilikuwa yao. Mwanachama aliyekuja mazoezini bila kulipwa alikuwa na sauti juu ya nyimbo, safari na fedha ya mfuko. Kujitolea kwa chama chako ni jambo moja. Kujitolea kwa mradi ambao bajeti yake hukuonyeshwa, wenye mkurugenzi anayelipwa na magari yanayojazwa mafuta, ni jambo jingine kabisa, hata kama nyimbo ni zilezile. Kabla ya kujiuliza kama una moyo wa kutosha, uliza kwanza nani mwenye mali hapa.

Nitachukua mfano wa kutunga ambao yeyote aliyewahi kufanya kazi ya mradi ataujua. Ofisi fulani imepata fedha za kurekodi nyimbo za harusi za wazee katika kijiji kimoja cha Pemba. Ombi liliandikwa usiku wa mwisho wa kupokea maombi, na kazi ya kijijini ikapewa siku 10 kwa sababu siku 10 ndizo zilizoenea kwenye fedha. Mtafiti anafika. Siku ya kwanza anakwenda kwa sheha kujitambulisha. Siku ya pili anakaa barazani, anakunywa kahawa, anaulizwa ni mtoto wa nani na ametokea wapi. Siku ya tatu bibi anayesifika kwa nyimbo anasema kifua kinambana, labda kesho kutwa. Siku ya nne kuna msiba, na hakuna mtu mwenye akili atakayetoa kinasa sauti penye msiba. Wimbo wa kwanza wa maana unaimbwa siku ya saba, magharibi inapokaribia, wakati betri imebaki kidogo.

Kazi ile ilihitaji siku 20. Zile 10 zinazopungua lazima zitoke mahali, na zinatoka mwilini mwa mtafiti. Anarekodi mchana, anaandika maneno ya nyimbo usiku chini ya chandarua, anasafiri na homa, anawapa wazee nauli kutoka mfukoni mwake kwa sababu ni aibu kumwacha bibi atembee juani. Akirudi mjini, ripoti inaandikwa: nyimbo zote zimerekodiwa ndani ya muda uliopangwa. Mfadhili anafurahi. Na mradi unaofuata, wa kijiji cha jirani, unapewa siku 10 tena, kwa kuwa ule wa kwanza umethibitisha kwamba siku 10 zinatosha.

Jambo hilo huwa halisemwi katika mazungumzo ya mipaka. Jitihada zilizofichwa hazipotei bure, zinaingia kwenye hesabu za watu wengine kama uthibitisho. Mtafiti yule alidhani amejitoa kwa ajili ya bibi. Amejitoa kwa ajili ya bajeti mbaya, na amemwachia mtafiti atakayefuata mzigo uleule, na huenda huyo ana mtoto mchanga au mzazi mgonjwa. Kwa sababu hiyo mimi nauhesabu kuwa mpaka wa kwanza kabisa ule wa kusema ukweli kwenye ripoti. Andika kwamba kazi ilichukua siku 20 na ulilipwa 10. Andika nauli za wazee. Hujamkatalia mtu yeyote wimbo, hujamwonyesha bibi uso mkavu, lakini aliyekuwa nyuma ya pazia sasa anaonekana, na mazungumzo yanaweza kuanza na mtu anayehusika.

Sheria nayo ijulikane, maana wengi wa sekta hii wanadhani haiwahusu. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Ukijumlisha na saa za ziada, siku haitakiwi kuvuka saa 12, na saa za ziada zisizidi 50 katika kila wiki nne, zikilipwa angalau mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya 2005. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila siku 7 na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Wiki ya tamasha lolote nililowahi kuliona kwa karibu inazivuka hesabu hizo kabla ya onyesho la pili.

Kuna mianya miwili ambayo ni muhimu kuielewa. Sheria ya Bara inawaacha nje ya ulinzi wa saa wale wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Mratibu wa tamasha mara nyingi anaangukia hapo, na ndiye asiyelala. Mwanya wa pili ni wa wale wanaoitwa "watu wa mkataba", ambao wanahesabiwa kuwa wanajitegemea. Hapa Sheria ya Taasisi za Kazi, pia ya 2004, ina kifungu cha 61 ambacho wasanii wengi hawajawahi kukisikia: mtu anadhaniwa kuwa mwajiriwa iwapo kimojawapo cha vigezo kadhaa kipo, kwa mfano amemfanyia mtu mwingine kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, au anamtegemea kiuchumi yule anayemfanyia kazi. Mwalimu wa ngoma aliyefundisha kituo kilekile kila Jumamosi na Jumapili kwa mwaka mzima, huku akiambiwa yeye ni wa kujitegemea, akisome kifungu hicho au akipeleke kwa mtu wa chama cha wafanyakazi amsomee.

Sheria inamaliza habari zake mlangoni pa ofisi, na kazi ya utamaduni haiishii hapo. Inakufuata nyumbani, kwa sababu wanaoiomba ni ndugu. Mjomba ana harusi na wewe una vyombo. Shangazi yuko kwenye kamati ya maulidi na wewe una sauti. Mtaa unataka picha za video za mahafali ya madrasa. Ukitaja bei, unaulizwa kama na wewe sasa umekuwa mtu wa mjini. Wapo wanaokuahidi kutangazwa. Wapo wanaokwambia utatunzwa, na hili la kutunza linahitaji kusemwa wazi. Shabiki anayeinuka kwenye taarabu, akaja mbele kwa mwendo wa madaha na kumwekea mwimbaji noti mkononi, anatoa shukrani yake mwenyewe kwa ubeti uliomgusa. Noti hiyo ni baina yake na mwimbaji. Mwandaaji anayeitumia kupunguza ujira amechukua hisani ya mtu mwingine na kulipia deni lake.

Nasikia mara nyingi ikisemwa kwamba mipaka ni mambo ya kigeni, kwamba sisi ni watu wa ujamaa na mlango wazi. Wanaosema hivyo wautazame mji wa pwani ulivyojengwa. Mbele ya nyumba kuna baraza, na mgeni anaweza kukaa hapo saa nzima, akapewa kahawa na kashata, akaheshimiwa kwelikweli, bila kuvuka kizingiti. Anayetaka kuingia anapiga hodi, na adabu tuliyofundishwa ni kwamba ukipiga hodi mara tatu bila kujibiwa, unaondoka bila kinyongo. Mgeni mwenyewe siku ya tatu anapewa jembe. Wazee hawakuona kwamba vitu hivi vinapunguza undugu. Walijua ndivyo vinavyoufanya undugu uvumilike. Simu ndiyo imekuja bila kizingiti: ujumbe wa sauti wa dakika sita unaingia saa tano usiku, alama mbili za buluu zinaonyesha umeuona, na kuanzia hapo kunyamaza kwako kunahesabiwa kuwa dharau. Mtu anayefunga data saa mbili usiku anarudisha desturi ya nyumbani kwao.

Kinachotusumbua zaidi ni namna ya kukataa. Kwetu kumwambia mtu mzima "hapana" mbele ya uso wake ni ukavu, kwa hiyo tunasema "inshallah", "tutaona", "wacha niangalie ratiba". Msemaji ameshakataa moyoni. Msikilizaji amesikia kwamba amekubaliwa, na ameshawaambia kamati. Wiki inapita, kadi zinachapishwa na jina lako juu yake, na sasa kukataa kumekuwa kuvunja ahadi. Unakwenda, umechoka na umekasirika, unapiga vibaya. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye.

Adabu haihitaji kutolewa kafara. Jibu la kukataa linaweza kubeba heshima yote likabaki wazi. Kwa mfano: "Shikamoo mzee. Nimepata ujumbe wako na nimeshukuru sana kwa kunikumbuka. Tarehe hiyo sitaweza kuja kupiga, kwani narudi kutoka safari ndefu na nimeiweka siku ya kupumzika. Niwie radhi. Kuna kijana ninayemwamini, ana vyombo vizuri na bei yake ni ya kawaida, nikikutumia namba yake utaongea naye? Nawaombea shughuli ya kheri." Angalia lilivyojengwa. Salamu ipo, shukrani ipo, neno "sitaweza" liko katikati na halina "labda" wala "nitajaribu", na sababu ni fupi. Sababu ndefu ni mwaliko wa kujadiliana: ukisema huna usafiri utaletewa gari, ukisema vyombo ni vibovu utaletewa fundi. Na jibu litumwe siku ileile. Kukataa mapema ni msaada, kwa sababu kunampa mwenzako muda wa kutafuta mwingine.

Kwa upande wa fedha, tuna njia ya zamani ambayo wasanii wachache wanaitumia. Mambo mazito kwetu hayasemwi na mwenyewe, yanapelekwa na mshenga. Kikundi kinaweza kumteua mtu mmoja, mweka hazina au rafiki mwenye ulimi mzuri, kuwa ndiye anayezungumza bei, malipo ya awali na saa za kuondoka. Mwimbaji anabaki na undugu wake, na mshenga anabaki na mkataba.

Kuna kazi za utamaduni ambazo saa zake si nyingi lakini zinamla mtu. Mwanasosholojia Arlie Hochschild alizieleza mwaka 1983 alipoandika juu ya wahudumu wa ndege: watu wanaolipwa kwa kuzipanga hisia zao, kutabasamu au kuhuzunika kama kazi inavyotaka. Sasa mfikirie mwongoza wageni pale Mkunazini, Zanzibar, penye kanisa kuu la Anglikana lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa 1873. Anateremka na wageni kwenye vyumba vya chini, dari likiwa karibu na kichwa, anaeleza watu walivyorundikwa humo. Anatoka nao hadi kwenye shimo lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs ya 1998. Halafu kundi lingine linasubiri, anaanza upya. Na karibu kila kundi lina mtu atakayemuuliza: je, familia yako walikuwa watumwa au wenye watumwa? Kwa Mzanzibari hilo swali lina miba pande zote. Au wafikirie wale wa Gisozi, Kigali, kwenye kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, iliyofunguliwa 2004, walikozikwa watu zaidi ya 250,000. Kuna wanaoeleza historia hiyo wakiwa wameiishi.

Mpaka wa kazi hii unahusu kile kinachotoka ndani yako. Mwongozaji ana haki ya kuwa na jibu lililo tayari: "Habari za nyumbani kwetu sizizungumzi kazini, lakini nitakueleza historia ya soko hili lote." Likisemwa kwa upole halimvunjii mgeni heshima. Ana haki pia ya kupanga na mkuu wake idadi ya mizunguko kwa siku, na ya kukaa kimya mahali penye hewa kati ya kundi na kundi bila simu ya ofisi. Anayepanga ratiba akiona nafasi hiyo kama muda uliokaa bure, hajaielewa kazi anayoisimamia.

Haki ya kutotoa kila kitu ni ya wazee wenyewe vilevile, na sisi tunaorekodi tunaisahau. Kungwi wa unyago ana nyimbo ambazo hazisikilizwi na asiyechezwa. Misitu ya kaya ya Wamijikenda, misitu mitakatifu ya pwani ya Kenya iliyoandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, ina mahali ambapo si kila mtu anakanyaga. Mkataba wa UNESCO wa 2003 kuhusu urithi wa utamaduni usioshikika unataka desturi zinazolinda ufikiwaji wa baadhi ya mambo hayo ziheshimiwe. Bibi akikwambia "huo siimbi mbele ya mashine," zima mashine. Nimeona kwamba watafiti wanaojua kupokea jibu hilo bila kubembeleza ndio wanaoweza baadaye kulitoa jibu kama hilo kwa wakubwa wao.

Uchovu wa kazi nao una sura zake. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyopitishwa 2019, halikuuita ugonjwa. Linauita hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa, na ina dalili tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuibeza, na kuona huna tena uwezo wa kuifanya. Ile ya kwanza kila mtu anaijua. Mimi naogopa zaidi ya pili, kwa sababu kwenye sanaa inajificha ndani ya ukali wa kitaaluma. Mwalimu aliyewapenda wanafunzi anaanza kuwaona wote wavivu. Mratibu anaanza kuwachukia wasanii kabla hawajashuka kwenye boti. Mtu akifika hapo, wale waliokuwa sababu ya yeye kujinyima ndio wanaoumia, na usingizi wa siku mbili haumrudishi.

Sasa, tuseme umekataa vizuri. Umetuma ujumbe, umefunga simu. Hapo ndipo kazi ngumu inapoanza, maana hatia haiji kabla ya kukataa, inakuja baada yake. Unalala macho yakiwa wazi ukimwona mzee alivyosoma ujumbe wako. Mipaka mingi haivunjwi na anayeomba. Inavunjwa na aliyeiweka, asubuhi inayofuata, anapopiga simu kusema "basi nitakuja." Ndiyo sababu huruma kwa nafsi ni sehemu ya somo hili na si pambo lake.

Kristin Neff, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeanza kulichunguza jambo hili na kuliandikia mwaka 2003, analieleza kwa sehemu tatu: kujitendea kwa wema badala ya kujihukumu, kukumbuka kwamba kukosea na kuchoka ni mambo ya wanadamu wote, na kuitazama hali yako ilivyo bila kuikuza wala kuifunika. Kwa mtu aliyelala macho wazi ni hivi. Anaitaja: nimemkatalia mzee, najisikia vibaya, tumbo limekaza. Anakumbuka kwamba usiku huu kuna wapiga ngoma, wahariri na walimu wengi walio katika hali hiihii. Kisha anajiambia lile ambalo angemwambia mdogo wake akimpigia simu analia: umechoka, hukusema uongo, hukumtukana mtu, lala. Hatia haiondoki papo hapo. Inakaa, lakini haiongozi tena mkono wako kwenye simu.

Wengi wanahofia kwamba kujihurumia kutawafanya walegee, na kwenye sanaa hofu hiyo ni kubwa, kwa kuwa tumefunzwa kwa kukaripiwa. Juliana Breines na Serena Chen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walilipima mwaka 2012. Wanafunzi walioshindwa mtihani mgumu, kisha wakaongozwa kujitazama kwa huruma, walitumia muda mrefu zaidi kujiandaa kwa mtihani wa marudio kuliko wenzao. Yeyote aliyefundisha ala anaweza kuona kwa nini. Mwanafunzi anayejitukana akikosea anaanza kukimbia ule ukurasa uliomshinda. Anayejisamehe anaurudia.

Na wala hatukuhitaji kusubiri vyuo vikuu. Kisa cha Salman al-Farisi na Abu Dardaa, maswahaba wawili wa Mtume Muhammad, kinajulikana na kila aliyepita madrasa: Abu Dardaa akifunga mchana na kusimama usiku mpaka mkewe amesahauliwa, Salman akamwambia kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki juu yake, na watu wake wana haki juu yake, ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume akasema Salman amesema kweli. Katika Injili ya Marko, sura ya 6, wanafunzi wa Yesu wanarudi kazini wakiwa hawana hata nafasi ya kula kwa wingi wa watu, naye anawaita waende faraghani wapumzike kidogo. Watu walikuwa bado wanakuja. Mahitaji hayakuwa yamekwisha.

Lakini niseme jambo moja kwa nguvu zangu zote. Huruma kwa nafsi haiongezi mshahara. Taasisi inayowalipa watu wake miezi mitatu nyuma, kisha ikawaitia mtaalamu wa kuwafundisha kuvuta pumzi, imewarudishia mzigo wake wenyewe. UNESCO ilishasema mwaka 1980, katika pendekezo lake kuhusu hadhi ya msanii, kwamba msanii anapotaka atambuliwe kama mfanyakazi wa utamaduni na apate ulinzi wa kisheria, kijamii na kiuchumi unaokwenda na kazi hiyo. Kuvuta pumzi kuje baada ya malipo.

Viongozi wa sekta hii wana mfano wa karibu wa mpaka uliowekwa na taasisi nzima. Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanza 2004 na kujaza Ngome Kongwe mjini Zanzibar kila Februari, halikufanyika 2016. Fedha hazikutosha, na waandaaji wakatangaza mapema kwamba mwaka huo halitakuwapo. Wangeweza kulifanya kwa migongo ya watu, kama yanavyofanywa matamasha mengi. Mji ulikosa tamasha, wenye nyumba za wageni walikosa mapato, na kila mtu aliona kwa macho yake tamasha lile lilikuwa linagharimu nini na lilikuwa linaleta nini. Mwaka 2017 likarudi.

Kiongozi ambaye hajafika kwenye uamuzi mzito kama huo ana mdogo wa kuanzia nao, na mahali pake ni kwenye bajeti kabla ombi halijatumwa. Aandike mstari wa mapumziko ya wafanyakazi, siku 3 baada ya onyesho la mwisho, kwa malipo kamili, wakiwamo mafundi na watu wa mkataba. Aandike siku za kukaa barazani kama siku za kazi, kwa sababu ni siku za kazi. Mfadhili akiuliza mistari hiyo ni ya nini, aelezwe kwa urefu, na mtafiti aliyerudi kutoka kijijini awepo kwenye kikao hicho.